Krosimachi hasi, mtoaji figo ni mume aliyezaa naye watoto wanne: kumbukumbu ya kinga tunaionaje?

mchuja_damu

Wakuu, habari za kazi. Swali hili ni la walio maabara ya HLA (alama za juu ya seli ambazo kinga huzitumia kutambua kilicho chake na kilicho kigeni) na wanaofuatilia wagonjwa baada ya kupandikizwa figo.

Chukueni mgonjwa wa aina hii: mama wa miaka 38, yuko mwaka wa pili wa kuchujwa damu. Amebeba mimba nne, zote za mume mmoja, ya mwisho miaka tisa iliyopita. Mwaka jana aliongezewa chupa tatu za damu kabla hajaanza sindano za erithropoietini (homoni ya kuzalisha damu). Waliojitolea kumpa figo ni watatu: mume, kijana wao wa kwanza mwenye miaka 21, na dada wa mgonjwa, baba mmoja mama mmoja, ambaye wanashirikiana haplotaipu moja (seti ya HLA inayorithiwa pamoja kutoka kwa mzazi mmoja). Makundi ya damu yanaruhusu wote. Krosimachi ya komplimenti dhidi ya mume (seramu ya mgonjwa juu ya seli za mtoaji, kuona kama kingamwili pamoja na komplimenti, protini za damu zinazotoboa seli, zitaziua) ni hasi, kwa seli T na seli B, zile aina mbili za limfosaiti. Kwenye shanga za antijeni moja (kila shanga imebeba HLA moja ili kunasa kingamwili yake), HLA ya mume inayojitokeza ni A2 peke yake, MFI (ukali wa mwanga wa shanga, kipimo cha wingi wa kingamwili) 700. Nyingine zake zote ziko chini ya 300.

Kuna wanaosema hasi ni hasi, mume apelekwe chumba cha upasuaji. Kuna wanaosema mume awe wa mwisho kufikiriwa. Nauliza: kama kingamwili karibu haipo, kumbukumbu inakaa wapi, na nani anaiamsha? Kipo kipimo cha kuiona kabla ya upasuaji? Na dawa za siku ya kwanza zinaifikia, au zinaua seli changa na kuziacha zile zilizokwisha kujifunza?

---

limfosaiti

Tuanze na kile krosimachi inachosoma. Inasoma kilichoyeyuka kwenye seramu siku ile damu ilipochukuliwa, basi. IgG, aina kuu ya kingamwili kwenye damu, hupungua nusu kila baada ya wiki tatu hivi. Kingamwili ya mimba ya miaka tisa iliyopita ingekuwa imekwisha zamani kama hakuna seli inayoendelea kuitengeneza. Kwa hiyo hiyo A2 ya 700, ndogo kama ilivyo, inakwambia kuna aliyebaki kazini, au chupa za mwaka jana zilimgutusha mtu aliyekuwa amelala.

Kumbukumbu ina maghala matatu, na yanachanganywa mno.

La kwanza ni seli za plazma zilizohamia kwenye uboho. Hizi humwaga kingamwili miaka nenda miaka rudi bila kuamshwa na yeyote, zikilishwa na majirani zao wa uboho kwa protini za ishara za IL-6 na APRIL. Hizi ndizo shanga zinaziona. La pili ni seli B za kumbukumbu, zilizo kwenye wengu, kwenye tezi limfu na chache kwenye damu. Hazimwagi chochote. Zimebeba kipokezi juu ya ngozi yao na zinangoja. Shanga hazizioni, krosimachi haizioni. La tatu ni seli T za kumbukumbu, saidizi za CD4 na zile za kuua za CD8, ambazo hazitengenezi kingamwili hata moja.

Sasa maongezi yenyewe. Seli B ya kumbukumbu ikikutana na A2 ya figo mpya huinasa nzima, huimeza, huikatakata, kisha huonyesha vipande vyake juu ya HLA yake yenyewe ya daraja la pili. Seli T saidizi iliyowahi kuona kipande kilekile, tangu wakati wa mimba, inakitambua na kujibu kwa ishara za kuamsha: CD40L, ICOS na IL-21. Mwili ambao haujawahi kuona kitu hicho unalazimika kwanza kupitia seli dendriti (zinazobeba kitu kigeni na kukionyesha), kufundisha seli T, kuzipeleka mpakani na eneo la seli B, kisha kufungua vituo vya kuzalisha seli B ndani ya tezi. IgG ya maana huchukua wiki mbili au zaidi. Kwenye kumbukumbu hatua nyingi zinarukwa. Sehemu kubwa ya seli B hizo hazirudi darasani, zinageuka moja kwa moja kuwa watengenezaji wa kingamwili, na siku ya 4 hadi ya 7 kiwango kinaweza kuwa kimeshapanda. Ndiyo maana kukataliwa kwa figo kwa njia ya kumbukumbu hutokea wiki ya kwanza au ya pili, wakati ndugu wanapofurahia mkojo.

Jambo hilo si geni. Peter Medawar alilionyesha kwa sungura miaka ya 1940: ngozi ya mtoaji yuleyule ikiwekwa mara ya pili, hutupwa haraka kuliko mara ya kwanza. Tulichoongeza sisi ni majina ya seli.

Hapa ndipo wengi huteleza: seli T na seli B hazitazami kitu kimoja. Seli B hutazama umbo la nje la HLA. Seli T hutazama kipande kilichokatwa ndani yake. HLA zinafanana kwa sehemu kubwa ya mnyororo wao, kwa hiyo kipande kilichotoka A2 ya mume kinaweza kuwa sawasawa na kipande cha HLA nyingine ya mtoaji mwingine. Seli B inaweza kuwa changa kabisa kwa HLA hiyo, lakini ikapata msaada wa seli T mzoefu. Mtoaji anaonekana mpya kwenye karatasi ya maabara, kumbe nusu ya mazungumzo ni ya zamani.

Seli T za kumbukumbu nazo zina njia yao. Seli T changa sharti ipitie tezi limfu. Ya kumbukumbu inaingia kwenye figo moja kwa moja, inakutana na HLA ya kigeni kwenye ukuta wa mishipa ya damu na kuanza kazi hapohapo. Nyingi hazihitaji tena ishara ya CD28, ile ishara ya pili ambayo seli T changa huihitaji ili kuamka. Na baadhi hazikutokana na mimba wala damu. Mfano unaojulikana vizuri ni wa virusi vya EBV: kwa watu wenye HLA-B8, seli T za kuua zinazotambua kipande cha FLRGRAYGL cha virusi hivyo zinaweza kushambulia pia HLA-B*44:02. Mtu hajawahi kuguswa na B44 lakini kumbukumbu anayo.

Kwenye panya, kazi iliyotoka 2020 ilionyesha hata monosaiti na makrofaji (seli mezi, si T wala B) hujenga kumbukumbu ya MHC (HLA ya panya) ya mtoaji kupitia vipokezi vya PIR-A. Inavutia, ila kwa mgonjwa huyu haibadilishi lolote kesho asubuhi.

Kuhusu watoaji, fanya hesabu ya haplotaipu. Kila mtoto alichukua moja kati ya mbili za baba. Uwezekano wa watoto wanne wote kuchukua ileile ni 1 kwa 8. Kwa hiyo 7 kwa 8 huyu mama ameshaonja zote mbili za mumewe. Kijana ana moja tu ya baba, lakini hiyo mama ameionja kwa hakika, maana alimbeba kijana miezi tisa. Dada haplotaipu yake ngeni haijapita kwenye mimba yoyote. Kwa hesabu hiyo pekee: dada kwanza, kijana, kisha mume.

Na ukiweza, pima HLA ya mama mzazi wa mgonjwa. Ikiwa haplotaipu ngeni ya dada imetoka kwa mama yao, basi mgonjwa aliishi nayo tumboni kabla hajazaliwa. Takwimu zilizochapishwa 1998 za ndugu wa haplotaipu moja zilionyesha figo za kundi hilo zilizokuwa bado zinafanya kazi kufikia 77% kwa miaka 10, dhidi ya 49% pale ilipotoka kwa baba. Ila angalia: kukataliwa kwa mapema kulikuwa kwingi zaidi kwa hilo kundi la mama. Mwili ulikumbuka kwa njia zote mbili.

---

shanga_na_seramu

Naongezea upande wa maabara, maana hiyo "hasi" inabebeshwa mzigo usio wake.

Krosimachi ya komplimenti iliaminiwa tangu Patel na Terasaki, 1969: figo 24 kati ya 30 zilizowekwa juu ya krosimachi chanya zilikufa papo hapo, dhidi ya 8 kati ya 195 zilizowekwa juu ya hasi. Ni kipimo cha kuzuia figo isife mezani. Hakikutengenezwa kukuonya kuhusu siku ya 7. MFI 700 haiwezi kuua seli kwa komplimenti, kwa hiyo matokeo hasi hapo hayakupi habari mpya. Omba krosimachi ya flosaitometria (mashine inayoona kingamwili iliyoshika seli hata kama haijaiua).

Kabla ya kuamini namba yoyote, hakikisha haya kwenye seramu. Tibu seramu kwa EDTA au iyeyushe 1:10 kisha rudia shanga. Kingamwili nyingi mno pamoja na komplimenti huziba mwanga na kukupa MFI ndogo ya uongo. Kwenye krosimachi ya komplimenti tumia DTT kuondoa IgM (aina nyingine ya kingamwili), vinginevyo utafukuza mtoaji mzuri kwa sababu ya kingamwili ya mgonjwa dhidi ya seli zake mwenyewe. Ukiona seli B chanya na seli T hasi, uliza kwanza kama mgonjwa amewahi kupewa rituksimabu (dawa ya kuondoa seli B), kwa sababu dawa yenyewe inakaa kwenye CD20, alama ya juu ya seli B, na kuonekana kama kingamwili. Tibu seli kwa pronasi, kimeng'enya kinachoikata CD20. Na usitegemee seramu moja. Unahitaji ya leo, ya zamani zaidi iliyohifadhiwa, na zile za wiki 2 na wiki 4 baada ya kila chupa ya damu. Kilele cha zamani kina uzito kuliko bonde la leo.

Sasa A2 ya 700. Usitazame shanga moja, tazama ukoo. A2 ina epitopu (kipande cha umbo ambacho kingamwili hushika) inayoshirikiana na B57 na B58, na nyingine inayoshirikiana na A68 na A69. Kama A2 iko 700 na A68, A69 ziko 500–600 huku shanga jirani ziko 50, hiyo si kelele, ni kingamwili halisi iliyopungua. Kama A2 imesimama peke yake na ndugu zake wote wako sifuri, inaweza kuwa protini iliyoharibika kwenye shanga.

Seti ya shanga pia ina kasoro kwetu: paneli nyingi zilijengwa juu ya aleli (matoleo ya jeni za HLA) za Ulaya, na zile za Afrika zina mapengo. Mpime mtoaji kwa kina, pamoja na DQA1, DQB1 na DPB1, halafu uangalie kama aleli zake zipo kweli kwenye shanga ulizonunua. "Hakuna kingamwili" na "hakuna shanga" ni majibu tofauti.

Kumbukumbu yenyewe inapimika, ingawa si kila hospitali. Kwa seli B: tenga seli nyeupe, zioteshe siku 6 na viamshi vya R848 na IL-2 ili seli za kumbukumbu zigeuke watengenezaji, kisha chukua maji ya juu, yakoleze, yapitishe kwenye shanga zilezile. Kinachojitokeza kwenye maji hayo na hakipo kwenye seramu ndicho kilichokuwa kimelala. Kwa seli T: ELISPOT ya interferoni gama (kila seli inayoimwaga protini hiyo huacha doa), seli za mgonjwa dhidi ya seli za mtoaji zilizopigwa mionzi, wengi huchukua madoa 25 kwa seli 300,000 kuwa mpaka wa hatari. Makosa ya kawaida ni damu kukaa usiku mzima kabla ya kutengwa, na kuyeyusha seli zilizogandishwa kwa pupa. Kisima cha udhibiti chanya kisipojaa madoa, usiripoti sifuri. Ripoti kwamba kipimo kimeshindikana.

Pasipo vifaa hivyo, historia ya mimba na damu ndiyo kipimo. Ichukueni kwa umakini uleule: mimba zilizoharibika pia, damu ya utotoni pia, na nani alikuwa baba wa mimba ipi.

---

mchuja_damu

Asanteni sana. Nyongeza: haplotaipu ngeni ya dada ina B58, na haina A2, A68 wala A69. Hapo nimekwama tena?

---

shanga_na_seramu

Hujakwama, una swali moja la kujibu. Angalia shanga za B57 na B58 kwenye seramu zote, hasa ile ya wiki 4 baada ya damu. Zikipanda sambamba na A2, kingamwili yake inashika ile epitopu ya pamoja, na dada naye ana hatari kidogo. Zikiwa chini huku A68 na A69 zinapanda, mama huyu alijifunza upande mwingine wa A2, na B58 ya dada haimhusu. B58 ni ya kawaida Afrika, kwa hiyo jambo hili litakurudia.

---

dozi_saa_mbili

Upande wa dawa. Swali lako lilikuwa zuri kuliko unavyodhani, kwa sababu dawa nyingi za kuanzia zinafanya kile hasa ulichokihofia.

Basiliksimabu, miligramu 20 siku ya 0 na ya 4, huziba CD25, kipokezi cha ishara ya seli T kuzaliana. Haiui. Inazuia seli T changa zisiongezeke. Seli T ya kumbukumbu haiitegemei sana njia hiyo. Kwa dada mwenye shanga safi inatosha. Kwa mume, hapana.

Thymoglobulin (kingamwili za sungura dhidi ya seli T), miligramu 1.5 kwa kilo kwa siku hadi jumla ya 4.5–6 kwa kilo, inapunguza seli T kweli, lakini seli changa hufa nyingi kuliko za kumbukumbu. Zinazobaki hukuta uwanja mtupu, ishara za kuzaliana za IL-7 na IL-15 zimejaa, nazo huzaliana kujaza nafasi. Wiki za kwanza baada ya dozi ndizo ambazo sehemu kubwa ya seli T alizo nazo ni za kumbukumbu, na hapo ndipo takrolimasi, dawa ya kila siku ya kushusha kinga, ikishuka inaumiza zaidi. Dozi ya kwanza iende kwa saa 6 au zaidi kupitia mshipa mkubwa. Seli nyeupe zikiwa 2,000–3,000 au chembe sahani 50,000–75,000, punguza nusu. Chini ya hapo simamisha.

Rituksimabu inaondoa seli B kwenye damu. Kwenye tezi limfu na wengu inafika nusunusu, na seli za plazma hazina CD20 kabisa, kwa hiyo uboho unaendelea kama kawaida. Kubadilisha plazma kunaondoa kingamwili bila kumgusa anayeitengeneza, ukiacha, inarudi. Dawa ya imlifidesi vivyo hivyo: hukata IgG yote ndani ya saa chache, kisha kingamwili hurudi kati ya siku ya 3 na ya 14, na hapo lazima uwe na mpango tayari.

Belatasepti ndiyo somo lenyewe. Inaziba ishara ya CD28. Kwenye utafiti wa BENEFIT, waliopewa dawa hiyo walikataa figo mwanzoni zaidi ya wale wa siklosporini (dawa ya zamani ya kushusha kinga), kwa kuwa seli T za kumbukumbu hazihitaji sana ishara hiyo. Lakini kwa miaka 7 walitengeneza kingamwili mpya dhidi ya mtoaji chache zaidi, maana mazungumzo mapya kati ya seli T na seli B yalikatwa. Mkono mmoja ulifungwa, mwingine ukabaki huru.

Kama hakuna budi ila mume: Thymoglobulin, takrolimasi na mikofenoleti zianze mapema, takrolimasi nanogramu 8–12 kwa mililita kwa miezi mitatu ya kwanza, damu ichukuliwe zikipita saa 12 tangu dozi iliyotangulia na kabla ya dozi inayofuata. Afrika Mashariki kuna mtego: watu wengi hapa wana aina ya CYP3A5 (kimeng'enya kinachovunja takrolimasi) inayofanya kazi, na dozi ya kuanzia ya vitabuni haiwafikishi, mara 1.5 hadi 2 ndiyo huhitajika, bila kupita miligramu 0.3 kwa kilo kwa siku. Kuingoja ipande taratibu siku 10 ni kuipa kumbukumbu zile siku 10 inazozitaka. Mgonjwa akianzishiwa rifampisini kwa kifua kikuu, kiwango kinaporomoka ndani ya wiki mbili. Tumia rifabutini ikipatikana, la sivyo pandisha dozi na upime mara mbili kwa wiki.

Shanga zipimwe siku ya 7, 14 na 28, kisha mwezi wa 3, 6 na 12. Kreatinini ikisimama au kupanda kati ya siku ya 4 na 10, fanya Dopla (picha ya mtiririko wa damu) na biopsi yenye C4d (alama ambayo komplimenti huiacha pale kingamwili iliposhika). Usisingizie maji au takrolimasi kwa siku tatu nzima. Ikithibitika ni kingamwili: methiliprednisoloni miligramu 500 mara tatu, plazma kubadilishwa siku moja kuacha moja mara 5 au 6, imunoglobulini miligramu 100 kwa kilo baada ya kila kikao. Seramu ya shanga ichukuliwe kabla ya kikao. Ukiichukua baada, utajipongeza bure.

---

mkunga_wa_seli

Nakubali karibu yote, isipokuwa kuharakia Thymoglobulin. Watu wazima wengi kwetu wameshapata virusi vya CMV, vinavyobaki vimelala mwilini. Ukifagia seli T bila valgansikloviri (dawa ya kuzuia CMV) ya miezi mitatu na antibiotiki ya kotrimoksazoli, virusi vinaamka, na vikiamka vinakuza hasa kundi la seli T zisizo na CD28, zile ambazo dawa zetu zinazishika kwa shida. Bei ya kinga hiyo iwekwe kwenye bajeti siku ileile mnayojadili bei ya Thymoglobulin. Nisingemchagua mume halafu nikatafuta dawa kali ya kumvumilia wakati dada yupo.

---

mchuja_damu

Nimeelewa: shanga za B58 kwanza, kisha krosimachi ya flosaitometria dhidi ya dada. La mwisho: hemoglobini ni 7.8 na daktari wa upasuaji anataka chupa mbili kabla ya tarehe.

---

shanga_na_seramu

Kama hana dalili za kupungukiwa damu, zuia. Tafuta chuma kwanza: feritini na usharabu wa transferini (vipimo vya akiba ya chuma), chuma cha mshipani, kisha erithropoietini, na tarehe isogezwe wiki chache. Chupa moja inaweza kumwamsha aliyelala. Ikibidi kabisa, iwe damu iliyochujwa seli nyeupe, chini ya milioni 5 kwa chupa. Uchujaji unapunguza tu, hauzuii. Kisha seramu ya siku ya 14 na ya 28, shanga na krosimachi zirudiwe zote mbili, na ile hasi ya zamani itolewe kwenye faili la upasuaji ili asije mtu akaitumia.

---

dozi_saa_mbili

Na namba za chupa, tarehe na saa ziandikwe kwenye fomu ya maabara ya HLA. Mara nyingi maabara ndiyo ya mwisho kujua kwamba mgonjwa aliongezewa damu.